Maji Chini ya Ngozi

Mashine ilianza kukohoa asubuhi, zulia la kwanza likiwa bado limejaa povu. Maji yalitoka kwa nguvu, yakalegea, yakatoka tena, yakalegea, kama mtu anayesimulia jambo huku ameshikwa na kwikwi. Mwanamke aliyeishika aliachia kifyatulio, akakibana tena, akaitikisa ile bunduki ya maji, akaufuata mpira wake kwa macho kutoka bombani hadi miguuni kwake. Haikusaidia. Alikuwa amevaa buti za mpira, glavu ndefu na miwani mikubwa ya plastiki iliyomwachia alama puani, na mtaa mzima ulimwita Mama Povu, jina alilolipokea bila ugomvi kwa sababu lilimletea wateja.

"Haya, imeanza," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Barazani, hatua chache kutoka kwenye ule ua wa saruji, mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Naye alikuwa na jina lake la mtaani, Fundi Pindo, ila yeye lake hakulipenda. Alikuwa fundi wa suti, wa koti lenye bitana na mifuko iliyonyooka. Lakini watu siku hizi walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, wakamletea yeye suruali za kupunguza miguu na zipu zilizong'oka meno, na jina likaja lenyewe.

"Labda maji ya bomba ni kidogo," alisema.

"Bomba liko sawa."

"Au mpira umejikunja mahali."

"Mpira nimeutazama, baba watoto."

"Basi ngoja nije nione."

"Usiiguse!" Aligeuka na miwani yake usoni, povu likimtiririka kwenye buti. "Nimekuambia mara ngapi? Wewe kaa na pindo zako. Hii siyo cherehani."

Kijana wa duka la vipuri, aliyekuwa amesimama barazani akisubiri suruali yake, alicheka kidogo, kisha akajifanya anasoma maandishi kwenye mfuko wa unga uliotundikwa ukutani. Fundi aliinamia kazi yake. Alikata uzi kwa meno, akaikunja suruali vizuri, akamkabidhi mwenyewe, akaketi tena. Mguu wake ulikaa juu ya pedali bila kukanyaga.

Mkewe aliliona hilo, na akaona pia kwamba hakuwa na muda wa kulitengeneza. Mazulia yale yalikuwa ya Mama Gesti, mwenye nyumba ya wageni iliyoko barabara ya juu. Wageni wake walikuwa wanaingia jioni, kundi zima, na alikuwa ameahidi kwamba kazi hii ikienda vizuri, mapazia na vitambaa vya makochi vitafuata, kila mwezi. Mama Gesti hakuwa mtu wa kuahidi mara mbili.

"Nakwenda kumwita yule jamaa wa kuosha magari," Mama Povu alisema. "Yeye anazijua mashine hizi."

Kabla ya kuondoka alifanya kama alivyofanya siku zote. Alizima swichi, akachomoa plagi kwa mkono aliokwisha kuukausha, akafunga bomba, kisha akaielekeza bunduki ukutani na kubana kifyatulio mpaka maji yaliyobaki yakatoka, yakapungua, yakawa matone. Fundi alikuwa ameyaona hayo mara nyingi kutoka barazani. Kwake yalikuwa kama mbwembwe za mtu aliyepata kitu kipya, anayekifuta vumbi hata pasipo na vumbi.

Lango lilipofungwa, alikaa kidogo. Halafu akainuka.

Hakuwa mjinga wa vyombo. Mtu aliyeishi na cherehani moja maisha yake yote, akaifungua na kuifunga mwenyewe, anajua kwamba chombo kikikohoa kuna kitu kimekaba koo. Alianzia mwanzo wa njia ya maji. Alifungua mahali mpira wa bomba unapoingilia kwenye mashine, akachungulia, akaona kichujio kidogo cha wavu kilichojaa mchanga na uchafu wa kijani. Alikivuta kwa ncha ya mkasi. Akachukua mswaki wake mkuukuu, ule wa kusafishia nyuzi kwenye cherehani, akakisugua kwenye bakuli la maji mpaka wavu ukaonekana mweupe. Alipokirudisha, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa siku nyingi. Aliona jinsi mkewe atakavyorudi na yule jamaa wa magari, na jinsi yeye atakavyomwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, "Mwache arudi kazini kwake. Imeshatengemaa."

Alifungua bomba, akachomeka plagi, akawasha. Mashine ilinguruma. Akabana kifyatulio, na kweli kile kikohozi kilikuwa kimekwisha. Ila maji yalitoka kombo, upande mmoja kwa nguvu na upande mwingine kama mate. Aliachia kifyatulio, na mashine ikanyamaza mara moja.

Imezima, alijiambia.

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akailaza bunduki mapajani, akaisogeza ncha yake karibu na macho. Tundu la kutolea maji lilikuwa dogo kuliko tundu la sindano ya mkono, na ndani yake kulikuwa na chembe. Akatabasamu. Hapo ndipo penye kazi yake. Alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa shati, akaikamata ile ncha kwa vidole vya mkono wa kushoto kama anavyokamata tundu la kifungo, akachokonoa taratibu. Chembe ikang'oka. Alipojinyoosha kuitazama kwenye mwanga, paja lake likakibana kifyatulio.

Mashine iliruka kama mnyama aliyeamshwa. Hakusikia maumivu hasa. Alisikia kama mtu amempiga kidoleni kwa kitu cha moto, mara moja tu. Akaitupa bunduki, nayo ikaanguka kwenye saruji, ikanyamaza tena.

Alikitazama kidole. Ni cha shahada, cha kushoto, kile kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Katikati ya nyama ya mbele kulikuwa na kitundu. Hata damu haikutoka vizuri, ilijitokeza kama kichwa cha pini na kukaa hapohapo. Fundi akacheka peke yake. Sindano zilikuwa zimemchoma tangu ujana wake, nyingine zikakatikia ndani, na alikuwa amezivuta kwa meno na kuendelea kushona.

Akachomoa plagi, akafunga bomba, akarudisha kila kitu mahali pake.

*

Mama Povu alirudi peke yake, akiwa amekunja uso. Jamaa wa magari alikuwa na foleni ya wateja na alimwambia asubiri hadi mchana. Aliwasha mashine bila matumaini, na maji yakatoka yamenyooka, yamefura, yakachimba povu kutoka kwenye zulia kana kwamba yalikuwa na hasira nalo.

"Imepona!" alipiga kelele. "Baba watoto, tazama! Imepona yenyewe!"

"Naona," alisema fundi.

"Ilikuwa inaninunia tu, huyu mwanaharamu!"

Alikuwa akicheka peke yake kama msichana, na mumewe akamtazama kwa furaha aliyoificha nyuma ya kitambaa. Alitaka kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini angemwambia kuhusu kichujio ingebidi amwambie na kuhusu kidole, na akimwambia kuhusu kidole atasikia "nilikuambia", tena leo, baada ya kicheko cha yule kijana wa vipuri. Akaona atamwambia jioni, kidole kikiwa kimepoa.

Kidole hakikupoa. Kilianza kudunda, pole pole, halafu kwa bidii. Ilipokaribia mchana alisema anakwenda kununua uzi, akaenda zahanati. Tabibu, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alikigeuza kidole huku na huku.

"Nini kimekuchoma?"

"Sindano ya cherehani."

"Ilivunjikia ndani?"

"Hapana."

Tabibu akakisafisha, akamdunga sindano ya pepopunda, akampa vidonge vya maumivu. "Kikivimba au maumivu yakizidi, urudi leoleo, usisubiri kesho."

Fundi akashukuru. Njiani alikumbuka kununua uzi.

*

Walikula mchana barazani, katikati ya harufu ya sabuni na sufu iliyolowa. Mkewe alikuwa akizungumza juu ya mapazia ya gesti, kama atahitaji kamba nyingine ya kuanikia, kama wapake chokaa ule ukuta wa nyuma ili nguo zisichafuke. Fundi aliitikia. Mkono wa kushoto aliuacha mapajani, chini ya meza.

"Mbona hujala?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Uzi?"

Akacheka kidogo, na alipoinuka kupeleka sahani, alitumia mkono mmoja. Mkewe akamfuata kwa macho. Baadaye, akiwa anakung'uta zulia, alisikia mkasi ukianguka barazani. Baada ya muda ukaanguka tena. Fundi hakuwa mtu wa kuangusha mkasi.

"Una nini leo?"

"Sindano imenichoma tu. Nimeshakwenda zahanati."

"Kwa sindano? Wewe?"

Kabla hajajibu, mteja wa zipu akawa ameingia, basi maneno yakaishia hapo.

Zulia la mwisho lilipokwisha kuoshwa, Mama Povu alizima mashine kwa ule utaratibu wake, kisha akafungua kile kichujio ili akisafishe, kama afanyavyo akimaliza kazi kubwa. Kichujio kilikuwa cheupe, hakina hata punje. Alisimama nacho kiganjani. Jana alikuwa amechoka na hakukisafisha, na juzi pia hakukisafisha. Hapo ndipo ilipomjia kwamba kile kikohozi cha asubuhi kilikuwa ni hiki kichujio, na kwamba mashine haiponi yenyewe. Chini, karibu na ndoo iliyopinduliwa, sindano ya mkono ililala kwenye saruji, ikimetameta.

Alipanda barazani bila kuvua buti.

"Nionyeshe mkono."

"Nimekwambia ni sindano."

"Nionyeshe mkono, baba watoto."

Akautoa. Kidole kilikuwa kimevimba mpaka mikunjo yake imepotea, kimekuwa na rangi ya mshumaa, kinang'aa. Alipokigusa kilikuwa cha baridi. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kiganjani, na alipobonyeza hapo, mumewe alivuta pumzi kwa meno na kufumba macho.

"Ulishika mashine."

Fundi aligeuza macho kwenye cherehani.

"Ulishika mashine, na maji yakakupiga."

"Niliizima kwanza," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kushikilia mzigo. "Niliachia, ikazima. Haikuwa inafanya kazi, mama watoto. Ilikuwa imezima kabisa."

"Ilikuwa imenyamaza," mkewe alisema. "Kunyamaza siyo kuzima. Presha inabaki humo ndani, inakaa inakusubiri." Akanyoosha mkono kuelekea uani. "Kwenye mashine kuna picha ya mkono wenye alama ya kukatazwa. Unadhani niliibandika mimi kwa urembo?"

"Tundu lenyewe dogo."

"Vaa viatu."

*

Walikuwa langoni pikapu ya Mama Gesti iliposimama mbele yao. Mama Gesti alishuka kabla injini haijatulia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni, na alizungumza na watu wote kama wanamchelewesha.

"Mazulia yangu?"

"Mawili yamekauka, mama. Mengine bado yanachuruzika."

"Yanachuruzika! Wageni wangu wako njiani, wewe unaniambia yanachuruzika, na tena unatoka? Unakwenda wapi?"

"Zahanati. Mume wangu ameumia."

"Ameumia wapi? Namuona amesimama."

Fundi aliuinua mkono, kwa aibu, kama mtoto anayeonyesha kikombe alichovunja. Mama Gesti akautazama. Akautazama tena, kwa karibu zaidi, na funguo zake zikaacha kulia.

"Ingieni," alisema. "Na hayo mawili makavu yapakieni nyuma, siwezi kurudi mikono mitupu."

Kule zahanati, tabibu aliwakuta wameshaingia chumbani kabla hawajaitwa. Alikitazama kidole, akamtazama fundi.

"Hii siyo sindano."

"Ni mashine ya kuoshea," Mama Povu alisema. "Ya presha. Maji yalimpiga asubuhi."

Uso wa tabibu ulibadilika. Akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia, mzee wangu? Nilikuuliza."

Fundi alitazama sakafu. "Niliona aibu."

"Maji yakiingia kwa nguvu hivyo hayaishii kwenye tundu. Yanapita ndani, yanafuata mishipa, yanabeba uchafu wote, na kidole kinajaa mpaka damu inashindwa kupita. Juu unaona tundu, chini kunaharibika." Alikuwa tayari ameshika simu. "Mnakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Msipitie nyumbani. Asile, asinywe, huenda akafanyiwa upasuaji leo. Na mkono uwe juu, usiuteremshe."

Ndani ya pikapu walibanana watatu. Fundi alikaa katikati, mkono umeinuliwa juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nje, na kila gari lilipoyumba, kiwiko chake kilimgonga mkewe begani. Mama Gesti alipiga honi kwa magari, kwa baiskeli, kwa kuku. "Buti zako zinanilowanishia gari," alimwambia Mama Povu, akakanyaga mafuta.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Kwenye dirisha la mapokezi waliambiwa watangulize malipo kwanza. Mama Povu alikuwa bado amevaa glavu moja, nyingine hakujua ilidondokea wapi. Alianza kueleza kwamba wametoka nyumbani ghafla, kwamba ataleta, kwamba wanaweza kumuandika jina. Karani hakuwa mkali, alikuwa tu amesikia maneno hayo siku nzima, akaendelea kutazama skrini yake. Watu wa kwenye foleni walizitazama buti zake za mpira na maji yaliyokuwa yakiacha alama kwenye sakafu iliyopigwa deki. Alijisikia uso ukimuwaka.

Mama Gesti alimsogeza kwa nyonga, akaweka pesa dirishani.

"Ni za mazulia," alisema bila kumtazama. "Na za mapazia. Utaosha, usinishukuru."

*

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, mwenye nywele zilizofungwa kwa haraka. Alizungumza na fundi mwenyewe, si na mkewe kana kwamba fundi hayupo.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani." Akaongeza, "Suti."

Mkewe alisikia neno hilo la mwisho, likamchoma.

"Sawa, fundi. Nitakipasua kidole chako hapa, mpaka hapa kiganjani. Nitatoa kilichoharibika, nitaosha vizuri, na sitakishona leo, nitakiacha wazi chini ya bendeji. Baada ya siku mbili nitakitazama tena. Umeelewa?"

"Nitashika kitambaa tena?"

Daktari alikigeuza kidole kwenye mwanga. "Sijui bado. Najua kwamba umefika leo. Ungelala nacho nyumbani, tungekuwa tunazungumza juu ya kukikata."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa vipimo vya nguo. Kisha akamgeukia mkewe. "Na yeye naye anaosha," alimwambia daktari, akijaribu kucheka. "Mngesaidiana."

"Nyamaza," mkewe alisema, akamvua saa mkononi, kwa uangalifu, na kuivaa yeye.

Walipomchukua, wanawake wawili walikaa kwenye benchi. Mama Gesti alipiga simu. "Waambie wageni watembee juu ya sakafu," alisema. "Sakafu ina ubaya gani? Ioshwe tu." Alipokata simu alikaa akichezea funguo zake.

"Nilimwambia neno baya asubuhi," Mama Povu alisema. "Mbele ya mtu."

"Neno gani?"

Akamwambia. Mama Gesti alilifikiria, kama anayepima uzito wake.

"Mimi marehemu wangu nilimwambia mengi," alisema mwishowe, "tena nikiwa na nafasi ya kuyafuta. Niliona aibu, nikasema kesho." Akazishika funguo zisilie. "Sasa wewe subiri atoke. Akitoka mwambie, hata kama amelewa dawa. Hasa akiwa amelewa dawa, hatabishana."

*

Alitoka mkono ukiwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, midomo mikavu, macho yakimtafuta. Mkewe akavuta kiti.

"Nilikuambia neno baya leo."

"Neno lipi?" Ulimi wake ulikuwa mzito. "Maneno yako ni mengi, mama watoto. Nikianza kuyahesabu sitashona."

"La pindo."

Akafumba macho, mpaka mkewe akadhani amelala.

"Nilitaka urudi uikute imepona," alisema. "Basi. Nilitaka useme, kumbe mume wangu anajua."

"Nilisema imepona yenyewe."

"Ulisema. Na ulifurahi sana, nikaona nikuache hivyohivyo."

Mama Povu akainama, akaweka paji la uso wake kwenye ukingo wa kitanda, karibu na mkono mzima wa mumewe. Akaupata mkono ule kichwani mwake, ukimpapasa kitambaa cha kichwa, ukigusa pindo lake kwa mazoea.

"Nani kakushonea hiki?" fundi akauliza. "Kimekwenda kombo."

"Wewe."

"Haiwezekani," alisema, na usingizi ukamchukua.

*

Daktari alikifungua kidole tena, akakiosha tena, na safari ya tatu akakishona. Kilibaki, lakini hakikubaki kile kile. Kilikuwa chembamba upande mmoja, kina kovu lililotambaa mpaka kiganjani, na kimenyooka kama kijiti. Kwa muda mrefu cherehani ilikaa imefunikwa shuka. Watu wa zipu na pindo walikuja, wakaambiwa warudi, na wengine hawakurudi. Kijana wa vipuri alirudi, akakaa barazani akatoa pole, akaendelea kukaa, na alipoondoka aliacha suruali mbili ambazo, fundi aliona, hazikuwa na kasoro yoyote.

Mama Povu aliosha mapazia. Siku moja alimwita mumewe uani, akamvalisha miwani, akamwekea bunduki kwenye mkono wa kulia.

"Mimi? Si ulisema nisiguse?"

"Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kukufundisha. Nilitaka niwe na kitu changu. Haya, osha."

Aliosha kipande cha ukuta, akiwa amesimama mbali kama alivyoelekezwa, na alipomaliza mkewe hakumsaidia kuifunga, alimsomea tu. Swichi. Plagi. Bomba. "Sasa bana mpaka iishe." Fundi alibana, maji yakatoka, yakafifia, yakadondoka, yakakoma.

"Sasa imezima," alisema.

"Sasa imezima."

Daktari alikuwa ameagiza kidole kifanyishwe mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu, kila siku. Kwa hiyo kila jioni, kabla jua halijazama kabisa, waliketi kwenye ngazi ya baraza na beseni katikati ya magoti yao. Mama Povu aliingiza mkono wake majini pamoja na wa fundi, akaweka kidole gumba chake kwenye kiganja cha mumewe, palipo na kovu.

"Bana."

"Nimebana."

"Hujabana."

"Nabana, mama watoto. Ni wewe tu husikii."

Vidole vingine vilijikunja, kile kimoja kikabaki kimenyooka majini, kikitazama mbele. Mkewe alikisubiri. Alimuelezea habari za mtaani, za Mama Gesti aliyegombana na mwenye duka la magodoro, za binti yao aliyepiga simu akitaka kuja na wajukuu. Maji yalipopoa aliongeza ya moto kutoka kwenye birika, akiyajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Siku zikaenda hivyo, na hakuna aliyesema kwamba inachosha.

Jioni moja alikuwa katikati ya hadithi ya magodoro, aliyokwisha kumsimulia, alipokatiza.

"Fanya tena."

"Nini?"

"Hicho ulichofanya. Rudia."

Fundi aliinama juu ya beseni kama anayetunga uzi kwenye tundu asiloliona. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Chini ya maji, taratibu mno, kidole kilitikisika, kikapinda nusu, kikagusa kidole gumba cha mkewe. Kilikuwa mguso mwepesi kuliko wa uzi.

"Umesikia?" aliuliza, bila kuthubutu kuinua kichwa.

"Nimesikia," alisema mkewe. "Usiachie."